Ruhusa ya kuondoka si ruhusa ya kubaki

Tarehe 12 Oktoba 2025 nchi za eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, zilianza kuuaga mhuri wa pasipoti. Mgeni asiye raia wa Umoja wa Ulaya anayeingia kwa safari fupi sasa hupigwa picha ya uso na kuchukuliwa alama za vidole, na mfumo wenyewe ndio unaomhesabia siku za kukaa. Mtoto aliye chini ya miaka 12 haombwi alama za vidole, ila picha yake inaingia kwenye kumbukumbu kama ya mtu mzima. Tangu hapo nimesikia wazazi wakitoa mahitimisho mawili yanayopingana. Wapo wanaosema barua ya mzazi mwenzako ya kuridhia mtoto asafiri imepitwa na wakati, kwa kuwa kompyuta inaona kila kitu. Wapo wanaosema sasa hakuna mzazi atakayeweza kumtorosha mtoto, kwa kuwa kompyuta inaona kila kitu. Nadhani wote wamekosea, na kosa lao ni moja. Kompyuta inajua nani amevuka mpaka na saa ngapi. Haijui nani alikubali avuke, wala alikubali kwa muda gani.

Hapo kwenye muda ndipo suala lote lilipo. Tumezoea kuichukulia ridhaa kama karatasi ya mlangoni: unayo, unapita, huna, unarudishwa. Serikali nazo zinapotaka kuonekana zimefanya jambo, huongeza karatasi mlangoni. Hoja yangu ni kwamba kanuni zinazoishia mlangoni zinamsumbua mzazi mwaminifu aliyesahau hati kuliko mzazi aliyekusudia kutorudi, kwa sababu huyu wa pili mara nyingi hati anayo. Alipewa. Mwenzake aliisaini akijua ni likizo ya wiki tatu. Siku ya kuondoka hapakuwa na ubishi wowote, hata mabegi walisaidiana kuyafunga. Ubishi ulizaliwa siku ambayo tiketi ya kurudi haikutumika, na siku hiyo hakuna ofisa wa uhamiaji aliyekuwa akiangalia.

Kabla ya kufika huko, yafaa kutenganisha vitu vitatu ambavyo watu huvichanganya. Kuna ridhaa ya kumpatia mtoto pasipoti, kuna ridhaa ya kumtoa nchini, na kuna ridhaa inayodaiwa na nchi anakokwenda ili imkubali kuingia. Ni milango mitatu yenye walinzi watatu, na kufunguka kwa mmoja hakufungui mingine. Mama aliyepata viza ya mtoto kwa sababu baba alisaini fomu ya ubalozi anaweza kukwama uwanja wa ndege wa nyumbani, maana nchi anayotoka ina sharti lake. Baba aliyekubali pasipoti itolewe hajakubali safari yoyote. Pasipoti ya mtoto hukaa kabatini miaka kadhaa, na ndani ya miaka hiyo ndoa nyingi hupata nyufa ambazo hazikuwepo siku ya kupiga picha.

Kila nchi imechagua mlango wake wa kulinda. Marekani imeweka nguvu kwenye mlango wa kwanza: tangu 2008 mtoto wa chini ya miaka 16 hapewi pasipoti mpaka wazazi wote wawili wafike, au asiyefika alete ridhaa iliyosainiwa mbele ya mthibitishaji wa hati. Lakini nchi hiyohiyo haina dirisha la uhamiaji kwa wanaoondoka. Mtoto akishakuwa na pasipoti, au akiwa na ya pili kwa uraia wa mzazi mwingine, hakuna mtumishi wa serikali atakayesimama kati yake na ndege. Brazil imefanya kinyume: mtoto anayeondoka na mzazi mmoja lazima awe na idhini ya mwingine yenye saini iliyothibitishwa, au amri ya jaji, na polisi wa mpakani hulikagua hilo. Uingereza imelifanya jambo lenyewe kuwa jinai. Kwa sheria ya mwaka 1984, katika England na Wales ni kosa kumtoa mtoto wa chini ya miaka 16 bila ridhaa inayotakiwa, ingawa mzazi aliyepewa na mahakama amri ya kuishi na mtoto anaweza kumtoa kwa muda usiofika mwezi. Kanada inashauri tu mtoto abebe barua.

Ufaransa inanivutia zaidi kwa sababu imebadili mawazo hadharani. Ilifuta kibali cha mtoto kutoka nchini mwaka 2013, ikakirudisha Januari 2017, wakati hofu ya vijana kukimbilia vita vya Syria ilipokuwa juu. Lakini tazama kibali hicho kinamhusu nani. Kinamhusu mtoto anayesafiri bila mzazi yeyote, na saini ya mzazi mmoja inatosha. Anayesafiri na mama au baba yake hakihitaji. Mzazi mwenye hofu ndiye anayetakiwa kujitokeza: anaweza kuomba zuio la dharura la siku 15, kisha aende kwa jaji kutafuta zuio refu zaidi litakaloingizwa kwenye kumbukumbu za polisi.

Tofauti hii ina uzito kuliko idadi ya karatasi. Zipo nchi zinazomwambia msafiri athibitishe kwamba mwenzake amekubali, na zipo zinazomwambia asiyekubali apige kelele. Njia ya kwanza inamtwika mzigo kila msafiri, pamoja na maelfu ambao hawana ugomvi na mtu. Njia ya pili inamtwika mwenye shaka, na inadai awe anajua kinachopangwa, awe na fedha ya wakili, na awahi. Mfumo wa taarifa wa Schengen uliofanyiwa mageuzi Machi 2023 umefuata njia hii ya pili: mamlaka zinaweza kuweka tahadhari ya kinga kwa mtoto aliye katika hatari ya kutoroshwa na mzazi wake, kabla hajatoroshwa. Hiyo ndiyo kompyuta ambayo wazazi wangepaswa kuizungumzia. Ile inayohesabu siku za watalii ilijengwa kwa kazi nyingine kabisa.

Nyuma ya milango yote hii umesimama Mkataba wa The Hague wa tarehe 25 Oktoba 1980 kuhusu utekaji wa watoto wa kimataifa, ulioanza kutumika Desemba 1983 na sasa una nchi wanachama zaidi ya 100. Barani Afrika wamo Afrika Kusini, Moroko, Tunisia, Morisi, Zambia na wengine wachache, ila nchi nyingi za bara hili bado ziko nje. Mkataba huu husingiziwa mengi. Wengi hudhani kazi yake ni kuamua mama au baba nani amlee mtoto. Haugusi hilo. Unauliza swali dogo, kwa haraka: kabla ya mvutano mtoto alikuwa na makazi yake ya kawaida wapi, na je, ameondolewa au amebakizwa nje ya hapo kinyume cha haki za malezi za mtu mwingine? Kama ndivyo, na mwaka haujapita tangu tukio hadi shauri kufunguliwa, anarudishwa, na mahakama za kwao ndizo zitakazosikiliza mengine. Mwaka ukishapita, anayepinga anaweza kuonyesha kwamba mtoto amekwisha kuzoea mazingira mapya.

Neno la kuliangalia hapo ni "amebakizwa". Walioandika mkataba waliweka kuondoa na kubakiza bega kwa bega, katika ibara moja, kwa uzito uleule. Walielewa kwamba safari halali inaweza kugeuka haramu baadaye, bila mtu kusogea hata hatua moja. Miaka zaidi ya arobaini baadaye, kanuni nyingi za nchi na karibu barua zote za ridhaa bado zinaongea habari ya kuondoa peke yake.

Matokeo yake huonekana mahakamani. Ibara ya 13 inamruhusu jaji kukataa kumrudisha mtoto kama mzazi aliyeachwa aliridhia tangu mwanzo, au alikuja kulikubali jambo baadaye, na kuthibitisha hilo ni kazi ya aliyemchukua mtoto. Sasa chukua barua ya kawaida: "Mimi, baba wa mtoto huyu, naridhia asafiri na mama yake kwenda nje ya nchi." Nchi ipi? Mpaka lini? Akaishi kwa nani? Wakili wa baba atasema ilikuwa likizo. Wakili wa mama atasema ilikuwa kuhama, na kwamba familia ilikwisha kulizungumza. Kisha simu zinafunguliwa, na ujumbe wa WhatsApp wa saa sita usiku, "nendeni tu, mkafanye mnavyotaka", ulioandikwa kwa hasira na kusahaulika asubuhi, unasomwa mbele ya jaji kana kwamba ni mkataba. Majaji wa nchi nyingi hudai ridhaa iwe wazi na isiyo na utata, na hupima maneno kwa mazingira yaliyosemewa. Hilo ni jema, lakini upimaji huo unakula muda. Mkataba unatarajia shauri la kumrudisha mtoto lifikie uamuzi ndani ya wiki sita. Utafiti wa takwimu za mkataba kwa mwaka 2021 ulikuta wastani wa siku 207, na miaka sita kabla yake ulikuwa siku 164. Kwa mtoto wa miaka mitatu, siku 207 zinatosha kupata lugha nyingine na kuanza kusahau ile ya kwanza.

Niliwahi kusimama kwenye foleni ya uhamiaji nyuma ya mama mmoja na mwanawe wa miaka kama sita. Jina la mwisho la mtoto halikuwa la mama. Ofisa akauliza baba yuko wapi. Mama akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne kutoka kwenye mfuko wa plastiki. Ofisa akatazama mhuri wa wakili, akatazama saini, akagonga. Hazikufika sekunde ishirini. Sijui barua ile ilisema nini katikati, na nina wasiwasi kwamba hata yeye hakujua.

Tusimlaumu ofisa. Foleni ilikuwa ndefu, na kazi aliyopewa ni kuhakiki kwamba hati ipo. Tatizo hutokea pale serikali zinapoamini kwamba kuongeza hati ni kuongeza ulinzi. Afrika Kusini ilijaribu kwa ujasiri kuliko nchi nyingi. Kuanzia 1 Juni 2015 mtoto wa chini ya miaka 18 aliyeingia au kutoka alitakiwa awe na cheti cha kuzaliwa kinachowataja wazazi wote wawili; akiwa na mzazi mmoja, iwepo hati ya kiapo ya ridhaa ya mwingine, au amri ya mahakama, au cheti cha kifo. Sababu iliyotolewa ilikuwa kuzuia usafirishaji haramu wa watoto, na takwimu ya watoto 30,000 kwa mwaka ikazunguka sana, mpaka wakaguzi wa taarifa walipoitafutia chanzo na kukuta haina msingi. Mashirika ya ndege, kwa kuogopa kubebeshwa gharama za abiria atakayekataliwa, yakaanza kuzuia familia kwenye kaunta. Sekta ya utalii ikapiga kelele, na kuanzia mwishoni mwa 2018 masharti yakaanza kulegezwa kwa watoto wa kigeni wanaosafiri na wazazi wao.

Sisemi biashara ya kuuza watoto ni hadithi. Nasema anayeifanya ana uwezo wa kughushi saini ya baba, na bibi anayempeleka mjukuu kwa mama yake hana. Kuna jambo jingine ambalo halikuzungumzwa vya kutosha katika mkasa ule: swali la nani ana mamlaka juu ya mtoto, ambalo jaji hulitolea uamuzi baada ya kusikiliza pande mbili, lilikuwa linaamuliwa na kijana wa kaunta mwenye dakika tano na meneja nyuma yake. Aliyekuwa na nyaraka sahihi lakini kwa lugha isiyofahamika kaunta alibaki. Mjane aliyeacha cheti cha kifo nyumbani naye alibaki, kisha akaanza kueleza kifo cha mumewe mbele ya watu wa foleni.

Upande wa pili wa mjadala una hoja zake, nyingine nzito, nyingine nyepesi mno. Nyepesi kuliko zote ni ile inayosema mzazi hawezi kumwiba mwanawe, kwa hiyo suala lote la ridhaa ni kuingilia familia. Hoja hii ina mvuto kwa sababu inasikika kama utetezi wa uzazi. Ukiipima, inamchukulia mtoto kama mali: huwezi kuiba kilicho chako. Lakini kama ni mali, basi ina wenye mali wawili, na mmoja kuihamisha usiku kwenda nchi nyingine bado ni dhuluma kwa mwenzake hata kwa mantiki ya mali. Na mtoto si mali. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, katika ibara ya 10, unampa yeye haki ya kudumisha uhusiano wa mara kwa mara na wazazi wanaoishi nchi tofauti, na ibara ya 11 inazitaka nchi zipambane na kuwapeleka watoto nje isivyo halali na kutowarudisha. Mwenye haki inayovunjwa hapo ni mtoto anayeamka katika mji asioujua na kuambiwa mzazi wake mwingine hampendi tena. Anayesema mzazi hawezi kumwiba mwanawe hajajibu swali la mtoto huyo.

Hoja nzito ni nyingine. Ukisema kila safari iombewe ridhaa ya wazazi wawili, umempa kila mmoja wao turufu. Baba aliyetoweka miaka minne, asiyelipa matunzo, anarudi na nguvu siku mama anapopata nafasi ya masomo ng'ambo. Hapokei simu, au anapokea na kutaja bei. Sheria haikukusudia hivyo, lakini ndivyo inavyotumika, na anayelijua hilo vizuri ni mama. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Abbott dhidi ya Abbott, iliipa turufu hiyo uzito mkubwa. Familia ilikuwa ikiishi Chile. Baba alikuwa na haki ya kumtembelea mtoto tu, lakini sheria ya Chile ilimpa pia haki ya kukataa mtoto asitolewe nchini. Mama akampeleka Texas bila kumwomba. Mahakama iliamua, majaji sita dhidi ya watatu, kwamba haki ya kukataa mtoto asiondoke ni haki ya malezi kwa maana ya mkataba, kwa hiyo kuivunja kunafungua mlango wa mtoto kurudishwa. Ukisoma uamuzi ule kwa jicho la kisheria, una mantiki: anayeweza kuamua mtoto asiishi nje ya nchi anashiriki kuamua anaishi wapi. Ukiusoma kwa jicho la mama anayelea peke yake, unaona mtu wa wikendi mbili kwa mwezi akiamua maisha yake yatakuwa katika nchi gani mpaka mtoto akue.

Takwimu zinaongeza uzito. Katika maombi ya kurudishwa watoto yaliyochunguzwa kwa mwaka 2021, takriban robo tatu ya waliodaiwa kuchukua watoto walikuwa akina mama, na wengi wao ndio walezi wakuu. Mkataba wa 1980 uliandikwa watu wakimfikiria zaidi baba asiyepewa malezi anayemnyakua mtoto na kutokomea. Sura ya leo ni nyingine: mwanamke aliyeolewa ng'ambo, ndoa imevunjika, hana ndugu wala kazi pale alipo, anarudi kwao na mtoto aliyemlea yeye. Baadhi yao wanakimbia kipigo. Mama kama huyo ukimwambia aombe ridhaa, umemwambia amtangazie anayempiga tarehe ya kuondoka.

Hili haliwezi kufunikwa, na halifunikwi tena. Juni 2024 wataalamu, majaji na wahanga walikutana Sandton, Afrika Kusini, kwa jukwaa lililojadili ukatili wa majumbani na kifungu cha ibara ya 13 kinachomruhusu jaji kutomrudisha mtoto penye hatari kubwa. Miaka miwili kabla yake, Mahakama ya Juu ya Marekani ilikuwa imeamua kwamba jaji akishaona hatari kubwa halazimiki kupitia kila hatua inayoweza kuipunguza kabla ya kukataa kumrudisha mtoto. Mwelekeo uko wazi. Lakini wanaotoa hitimisho kwamba basi kanuni ya ridhaa ifutwe wanaruka hatua. Mama anayekimbia kipigo hasaidiwi na kufutwa kwa ridhaa, kwa sababu baba mpigaji naye atapata uhuru uleule wa kumbeba mtoto na kuondoka. Anasaidiwa na mahakama inayoweza kumsikiliza siku hiyohiyo, bila mume kuitwa kwanza, na kumpa idhini badala ya ile ya mzazi mwenzake. Sheria ya watoto ya Afrika Kusini, kwa mfano, inadai walezi wote wa kisheria waridhie mtoto atolewe nchini, lakini inaacha wazi njia ya mahakama yenye mamlaka kuagiza vinginevyo. Njia hiyo ipo kwenye vitabu vya nchi nyingi. Tatizo ni kwamba inachukua miezi, inahitaji wakili, na inamdai mwombaji athibitishe jambo ambalo kwa kawaida hutokea mlango ukiwa umefungwa.

Kwa hiyo nikiambiwa kuna fedha ya kutumia mahali pamoja, nisingeipeleka mpakani. Ningeipeleka kwenye chumba cha hakimu anayesikiliza maombi ya safari za watoto kwa hati ya dharura. Kwa mzazi aliyetoweka, itoshe kuonyesha alitafutwa vipi na kwa muda gani. Kwa mzazi anayekataa, alazimike kusema sababu, maana wengi hawana sababu, na wachache walionayo wanastahili kusikilizwa kabla ndege haijaruka. Pale nchi anakokwenda mtoto ni mwanachama wa Mkataba wa The Hague, na mkataba huo unafanya kazi kati ya nchi hizo mbili, hatari ya kumruhusu ni ndogo kuliko inavyoogopwa. Angalizo hilo la mwisho ni muhimu: nchi inayojiunga baadaye huhitaji kukubaliwa na kila mwanachama, na kuona jina lake kwenye orodha hakutoshi. Pale isipokuwa mwanachama, jaji anaweza kudai dhamana ya fedha, au kudai kwanza ipatikane amri inayofanana na yake kutoka mahakama ya kule waendako, ili mtoto asiporudi pawe na kitu cha kushika katika nchi ya pili. Majaji wa baadhi ya nchi hufanya hivi tayari. Ni kazi ya kuchosha, isiyopendeza kwenye picha za habari kama geti jipya lenye kamera.

Barua yenyewe nayo inahitaji kuandikwa upya, na hili halisubiri serikali. Barua inayofaa inataja tarehe ya kuondoka na ya kurudi, anwani ya kufikia, na nani atashika pasipoti ya mtoto wakiwa huko na baada ya kurudi. Inasema kwa sentensi moja kwamba wazazi wote wanakubali makazi ya kawaida ya mtoto ni nchi fulani na safari hii haiyabadilishi. Kama nia ni kuhama, inasema ni kuhama, bila kujificha nyuma ya neno safari. Najua wapo watakaosema kumwandikia hivyo mtu mnayeelewana naye ni kumtukana. Nimelisikia hilo hata kwa wenye ndoa imara. Lakini barua haiandikwi kwa ajili ya siku mnayoelewana. Mzazi anayesita kuweka tarehe ya kurudi kwenye karatasi, wakati tiketi yake inayo tarehe hiyo, anastahili swali moja zaidi kabla ya saini.

Kuna pengo ambalo mapendekezo haya hayalizibi, na sioni nchi iliyolishughulikia vizuri. Mkataba wa 1980 unakoma mtoto anapotimiza miaka 16. Kanuni za kutoka nchini, katika nchi nyingi, zinaendelea mpaka 18. Marekani inaridhika na wa miaka 16 na 17 akionyesha tu kwamba mzazi mmoja anafahamu kuwa anaomba pasipoti. Kwingine bado anahesabiwa sawa na mtoto wa miezi sita. Kwa miaka miwili hiyo kijana anahitaji saini za watu wawili ili aondoke, na asiporudi hakuna mkataba wa kumrudisha. Huyo kwa kawaida anajua anataka kuishi wapi na kwa nini. Mkataba wa Haki za Mtoto unasema maoni yake yapewe uzito kulingana na umri na ukomavu wake, na majaji husoma ibara hiyo kwa sauti. Fomu za ridhaa nilizowahi kuzishika zina mstari wa mama, mstari wa baba, mstari wa shahidi na nafasi ya mhuri. Mstari wa mtoto mwenyewe sijauona.